Mwacheni Dereva Mpya Aogope

Taa ya kijani inapowaka pale Mwenge, Dar es Salaam, kuna watu ambao mkono wao umeshafika kwenye honi kabla mguu haujaachia breki. Mbele yao kuna kagari kadogo kenye bamba la L nyuma, na ndani yake mtu anahangaika na mambo manne kwa mpigo: kuachia klachi taratibu, kukanyaga mafuta kwa kipimo, kuiangalia bajaji inayojipenyeza kushoto na bodaboda inayochomoka kulia. Honi ya kwanza inalia. Gari linazima. Hapo zinafuata honi nyingine mfululizo, na kichwa kinachomoza dirishani: "Wewe! Nani kakupa gari?" Konda wa daladala anapiga bodi kwa kiganja, abiria wananyoosha shingo kumwona huyo aliyeziba njia, na kicheko kinazagaa kutoka gari hadi gari.

Nimeuona mchezo huu mara nyingi mno, na nimechoka kusikia ukiitwa utani. Ni ukatili. Tena ni ukatili wa kijinga, kwa sababu mtu yule yule tunayemvuruga leo ndiye kesho tutakayetaka asimgonge mtoto wetu anayevuka kwenda shule.

Nasema wazi: dereva mpya anayeogopa hana kosa lolote. Anaogopa kwa sababu ameelewa alichokabidhiwa. Ni chuma cha tani moja hivi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria yetu kwenye makazi ya watu, chuma hicho kinakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mtu akijitokeza ghafla mbele yako, sekunde moja ya kushtuka tu imeshamaliza mita hizo 14 kabla breki haijaguswa. Asiyeogopa hesabu hiyo siku yake ya kwanza barabarani, hajaifanya.

Na takwimu ziko upande wa mwoga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya barabara. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu sisi, ingawa nchi hizo zina kama asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki. Sasa niambieni, katika hali hiyo, ni nani hasa anayetakiwa kuchekwa: anayetetemeka akiushika usukani, au yule anayetanua kwenye vumbi la pembeni akiwapangua wauza mahindi kwa sababu foleni imemchosha?

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walikuwa na maana kwamba nyumba ya mwoga hubaki na furaha kwa kuwa mwenyewe anarudi mzima. Sisi kicheko hicho tumekigeuza kuwa dhihaka ya kumpiga nayo mwoga. Shujaa wetu ni yule anayeovateki kwenye kona za Kitonga huku lori linapanda. Tunamsifu vijiweni, tunasema jamaa ana mkono mwepesi, mpaka siku turubai linapofungwa kwake na viti vya kukodi vinapangwa uani.

Lakini hofu nayo ina kipimo chake. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua njia sahihi kwa kuwashtua na umeme kila walipokosea. Waligundua kwamba kazi inapokuwa nyepesi, mshtuko mkubwa hauharibu kitu. Kazi inapokuwa ngumu, mshtuko wa kiasi unasaidia, na ukizidi hapo kujifunza kunadorora. Watafiti waliokuja baadaye wameupanua ugunduzi huo, wengine wameukosoa, lakini kila mwalimu mwenye busara anajua kuwa hofu iliyopita kiasi hufunga akili ya mwanafunzi.

Sasa mpeleke panya huyo kwenye mataa ya Mwenge. Honi unayompigia dereva wa daladala mwenye miaka ishirini kazini haimfanyi kitu. Kwake kuondoka kwenye taa ni jambo ambalo miguu inalifanya yenyewe huku mdomo ukibishana na konda kuhusu hesabu ya bosi. Honi hiyo hiyo kwa dereva mpya ni jambo jingine kabisa. Yeye kila kitu anakifanya kwa kufikiri: mguu wa kushoto, mguu wa kulia, gia, kioo cha kati, kioo cha pembeni, indiketa. Akili yake imejaa pomoni. Unapompigia honi humwongezei kasi, unamnyang'anya ile nafasi ndogo iliyobaki ya kutazama kama kuna mtu anavuka. Akiruka mbele kwa pupa akamgonga mwenye baiskeli, trafiki ataandika jina lake yeye peke yake kwenye karatasi. Wewe uliyemsukuma kwa honi utakuwa umeshafika Ubungo.

Nikitoka kwa wapiga honi naenda kwa walimu, na hapa sina huruma. Ziko shule za udereva zinazofundisha kwa dhati, na walimu wake nawaheshimu. Lakini tembea asubuhi kwenye viwanja vya jiji uone mengine yanayoitwa mafunzo. Gari moja limebeba wanafunzi wanne au watano, mmoja anaendesha, wengine wamekaa nyuma wakisubiri zamu huku wakichezea simu. Mwalimu ana kanyagio lake la breki na ana simu yake pia. Ukipata robo saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne, umeondoka na saa tano. Saa tano! Nyingi kati ya hizo umezimaliza ukizunguka uwanja mmoja na kurudi rivasi katikati ya vigingi. Hujawahi kuendesha usiku. Hujawahi kukutana na mvua ile ya Aprili inayofuta mistari yote ya barabara. Hujawahi kuingia kipilefti chenye magari yanayokuja kutoka kila upande. Umefundishwa kwenye gari la gia, na siku mjomba anapokununulia Vitz ya otomatiki unakuta mguu wako wa kushoto hauna kazi na wa kulia haujui kupima. Kisha unapigwa picha, unapewa leseni, unabandua L, na kuanzia dakika hiyo hakuna barabarani anayejua kwamba wewe ni wa jana.

Halafu tunashangaa kwa nini mikono inatoka jasho! Hofu ya mtu huyu ni taarifa ya kweli kutoka ndani yake: inamwambia kwamba hajafundishwa vya kutosha. Anayemjibu kwa kusema "jitose tu, utazoea" anamshauri aipuuze taarifa sahihi kuliko zote alizonazo. Na yupo mbaya zaidi ya huyo, anayemwambia apige chupa moja kwanza ili apate moyo. Pombe haiongezi hata chembe ya ustadi. Inazima kengele tu na kuiacha hatari yote pale pale.

Ninamfahamu mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, mwenye leseni halali na gari lililolipiwa kwa mkopo wa miaka. Gari hilo limefunikwa turubai uani kwake Tabata. Kila Jumapili kijana wa jirani analiwasha ili betri isife, kisha analizima. Mama anapanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi. Ukimuuliza, anasema siku yake ya kwanza barabarani peke yake gari lilimzimia kwenye kilima, na maneno aliyotupiwa kupitia dirishani hawezi kuyarudia mbele ya wanafunzi wake. Mengi yalihusu uanamke wake. Hayo tunayajua sote, kwa sababu tumeyasikia au tumeyatamka: gari likiyumba kidogo mbele yetu, kabla hatujamwona anayeendesha, tumeshasema "mwanamke huyo". Basi na tuseme na lingine ambalo halisemwi vijiweni: duniani wanaume hufa barabarani karibu mara tatu ya wanawake. Wanaojifanya wamezaliwa na usukani mkononi ndio wanaojaza mochwari, na bado ndio wanaotoa darasa la udereva kupitia dirishani.

Mama yule si peke yake. Mtaani kwenu yupo wa aina yake, huenda ni dada yako au mkeo, huenda ni wewe. Kwao nina maneno, na sitawaambia wajipe moyo, kwa sababu moyo hautolewi kwa amri. Kinachoondoa hofu ya usukani ni saa za kuendesha, nyingi, zilizopangwa kutoka rahisi kwenda ngumu, ukiwa na mtu mpole pembeni. Hilo limeshapimwa. Mwaka 1993 Uswidi iliruhusu vijana waanze mazoezi ya barabarani wakiwa na miaka 16 badala ya 17 na nusu, huku umri wa leseni ukibaki 18. Walioitumia nafasi hiyo walifanya mazoezi zaidi ya mara mbili ya wenzao, na ajali zao baada ya kupata leseni zikapungua kwa takriban asilimia 40. Kule jimbo la Victoria, Australia, kijana aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi hata kufanya mtihani kabla hajaandikisha saa 120 za kuendesha akisimamiwa, zikiwemo za usiku. Mia moja na ishirini, kwa tano zetu. Hawa si watu wenye damu baridi kuliko yetu. Wamejipa muda.

Kwa hiyo jipe muda, hata kama shule haikukupa. Chagua njia moja, fupi, unayoijua kwa miguu au kwa daladala. Iendeshe Jumapili saa moja asubuhi, wakati jiji bado linapiga miayo. Irudie Jumapili nyingine na nyingine, mpaka utakapogundua kwamba umefika mwisho wake ukiwa unawaza mambo mengine ya maisha. Hapo ndipo uipeleke njia hiyo hiyo katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Ikitulia, iendeshe saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini. Baadaye usiku. Baadaye kwenye manyunyu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama saa, ama njia, ama hali ya hewa. Anayetoka uwanjani Jumamosi na Jumatatu akaingia Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi kwenda Kariakoo amebadilisha vyote, na ndiyo maana anarudi nyumbani akiapa hataligusa tena gari.

Tazama mbali. Mwaka 1972 Ronald Mourant na Thomas Rockwell walipima macho ya madereva wapya na wazoefu, wakaona wapya huyakaza kwenye eneo dogo karibu na pua ya gari, na kwenye vioo hawachungulii sana. Hicho ndicho kinachokufanya uhisi kila kitu kinakurukia. Ukiinua macho hadi gari la tatu au la nne mbele yako, utaona taa zake za breki zikiwaka kabla ya za yule aliye mbele yako, na utakuwa na sekunde za kujiandaa ambazo awali hukuwa nazo. Mikono itatulia yenyewe. Ulegeze mshiko wa usukani. Ukiona vifundo vya vidole vimebadilika rangi, umeubana. Toa pumzi polepole kila unaposimama kwenye taa.

Kilima, ambacho ndicho kilichowaondoa wengi barabarani, kina dawa yake ya kizamani: hendibreki. Simama, ivute, weka gia namba moja, ongeza mafuta kidogo, balansi klachi mpaka usikie injini inabadilisha sauti na pua ya gari inainuka kidogo. Hapo ndipo uiachie hendibreki. Gari halitarudi nyuma. Fanya hivyo kwenye kilima kisicho na mtu mara nyingi kadiri utakavyoweza, mpaka ukifika kwenye kilima chenye foleni usiwe na jambo jipya la kufanya. Na gari likizima mbele ya watu, limezima. Kanyaga breki, rudisha nyutro, washa, angalia vioo, ondoka. Hakuna sheria ya nchi hii inayokulazimisha kuondoka kwa sababu aliye nyuma yako amechelewa kazini. Honi yake ni haraka yake. Kazi yako ni kuhakikisha mbele kuko salama.

Halafu mchague wa kukaa naye. Mume anayefoka, kaka anayeshika dashibodi kwa mikono miwili kila ukikata kona, baba anayekanyaga breki ya hewani upande wa abiria: wote hawa wanakupenda, na wote wabaki nyumbani. Afadhali jirani mtulivu mwenye leseni anayejua kunyamaza, anayesema "kuna bajaji kushoto" kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Ikibidi, mlipe mwalimu wa kweli kwa saa za ziada, wewe peke yako garini, na umwambie wazi unataka nini: usiku, mvua, kipilefti, barabara kuu. Wapo pia ambao hofu yao imetokana na ajali waliyoipitia, na wakikaa kwenye kiti cha dereva wanaona tena damu. Hao mazoezi peke yake hayawatoshi, wakamwone mtaalamu wa afya ya akili, na asiwacheke mtu.

Nimewapa wao kazi. Lakini sikubali mzigo wote uwe wao, kwa sababu nusu ya hofu yao tunaitengeneza sisi.

Magari mengi madogo tunayoendesha, hizo IST na Passo na Vitz zilizojaa kila maegesho, yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Mengine bado yana stika za kule kwenye kioo cha mbele, na redio zake zikiwashwa zinatusalimia kwa Kijapani. Tumechukua chuma, tukaacha adabu iliyokuwa inakwenda nacho. Tangu mwaka 1972 Japani ina alama ya dereva mpya, umbo la jani la kijani na njano, ambayo kila aliyepata leseni ya gari dogo anatakiwa kuibandika mbele na nyuma kwa mwaka mzima. Alama hiyo haikuwekwa ili watu wamcheke. Inawabana wengine: dereva anayemchomekea mwenye alama ile, au anayemsogelea hadi kumtia mashakani, ametenda kosa na anaadhibiwa kwa sheria, isipokuwa kama alikuwa anakwepa hatari. Yaani nchi iliyotuuzia magari haya ilishaamua zaidi ya miaka hamsini iliyopita kwamba kumlinda mgeni wa barabara ni wajibu wa wenyeji wa barabara, ikauandika wajibu huo kwenye vitabu vya sheria. Sisi L yetu tumeifanya shabaha.

Najua nitakayojibiwa. Kwamba daladala lina hesabu ya kufikisha na halina muda wa kumsubiri mtu anayejifunza. Naielewa hesabu hiyo, na aliyeipanga juu kiasi kwamba dereva halali usingizi naye nitamwandikia siku yake. Lakini gari lililozima kwenye taa huwaka tena ndani ya muda mfupi sana likiachwa liwake, na huchelewa maradufu likipigiwa kelele. Hata kwa hesabu ya bosi, uvumilivu unalipa. Nitaambiwa pia kwamba waoga ni hatari kwa sababu wanakwenda polepole mno. Kwenye barabara kuu hilo lina ukweli, na ndiyo maana nataka wafundishwe kwenye barabara kuu badala ya kuachwa waigundue wenyewe na lori limewakalia nyuma.

Basi nadai mambo haya, na nayadai kwa walio na uwezo wa kuyafanya. Wanaosimamia shule za udereva waweke kiwango cha chini cha saa za usukani, mwanafunzi mmoja kwa kila saa, usiku ukiwemo na barabara kuu ikiwemo, na kitabu cha mazoezi kikaguliwe kabla ya mtihani. Trafiki anayejua kusimama na tochi kwenye mteremko kuwavizia wa mwendo kasi asimame pia kwenye mataa, amwandikie faini anayembana mwenye L. Na Bunge lifungue Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo ni ya mwaka 1973 na si mara ya kwanza kufunguliwa, liingize kifungu kimoja: alama ya dereva mpya kwa miezi kumi na miwili baada ya leseni, mbele na nyuma ya gari, na adhabu kwa kila atakayemchomekea au kumsukuma kwa honi. Rasimu yake haihitaji ukurasa mzima. Mbunge wa kwanza atakayesimama nayo, mimi nitakuwa kwenye jukwaa la wageni.